Amri ya Zuio Ina Siku Zake: Yanayompasa Kujua Mwenye Kesi ya Madai

Mtu anayegundua kwamba shamba alilonunua linapimwa ili liuzwe tena, au anayekuta notisi ya dalali imebandikwa langoni, haendi mahakamani kutafuta hukumu kwanza. Hukumu huja baadaye, pengine baada ya miaka. Anachotaka siku hiyo ni kitu kimoja: mambo yasimame. Amri inayosimamisha mambo hadi kesi isikizwe ndiyo zuio la muda, na huombwa sana katika mizozo ya ardhi, mikopo na mirathi.

Wengi wakishaipata hupumua. Nakala huwekwa kwenye bahasha pamoja na hatimiliki, na maisha yanaendelea. Kisha siku moja tingatinga linaingia shambani, polisi wanaitwa, bahasha inafunguliwa, na upande wa pili unaonyesha kwamba amri ile ilikwisha nguvu miezi mingi iliyopita. Hakuna hakimu aliyeifuta. Ilikoma yenyewe, kwa sababu kanuni zinasema ikome.

Makala haya yanaeleza siku hizo zinavyohesabiwa, mahakama hupima nini kabla ya kutoa zuio, na nini hufanyika likikiukwa.

Kanuni zinasema nini

Kesi za madai nchini Kenya huendeshwa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2010 zilizoanza kutumika tarehe 17 Disemba 2010. Katika kanuni hizo kila mlango huitwa Agizo, na mazuio ya muda yamo katika Agizo la 40. Kabla ya hapo yalikuwa chini ya Agizo la 39 la kanuni za zamani.

Shida iliyojulikana na kila aliyekuwa akishinda kwenye makorido ya mahakama enzi hizo ni kwamba aliyepata zuio hakuwa na haraka tena. Alikuwa tayari na alichotaka. Kesi ingekaa miaka mitano au kumi, tarehe zikiahirishwa, huku mwenzake hawezi kujenga, kuuza wala kukopa kwa kutumia ardhi hiyo. Mwaka 2009 Bunge liliongeza vifungu vya 1A na 1B katika Sheria yenyewe, vinavyoitaka mahakama na mawakili waendeshe kesi kwa haki, kwa haraka na kwa gharama ambayo mtu anaweza kuimudu. Kanuni za 2010 zikafuata mkondo huo: zikampa mwenye zuio muda maalum, na muda huo ukiisha bila sababu ya kutosha, zuio linakufa.

Mabadiliko mengine yalikuja mwaka 2020, yakagusa jinsi hati zinavyofikishwa kwa upande wa pili. Sasa zinaweza kutumwa kwa baruapepe au kwa programu za ujumbe za simu, kama vile WhatsApp, kwa nambari ambayo mhusika amekuwa akiitumia. Mwaka 2024 uwasilishaji wa kesi kwa njia ya mtandao ulienezwa katika mahakama za nchi nzima. Maana yake ni kwamba yule aliyezoea kusema "sikuletewa chochote" sasa anaweza kuonyeshwa ripoti kwamba ujumbe uliingia kwenye simu yake saa nne asubuhi.

Siku tatu, siku kumi na nne

Chukulia mfano wa mama aliyenunua ekari mbili kwa jirani, akamaliza malipo, lakini hatimiliki bado iko kwa jina la muuzaji. Anasikia kwamba muuzaji amepata mnunuzi mwingine mwenye pesa zaidi. Anakwenda mahakamani Jumatano, anawasilisha kesi pamoja na ombi la dharura la zuio. Kesi lazima iwepo. Zuio la muda halisimami peke yake bila kesi ya kulibeba.

Kwa kawaida ombi husikizwa pande zote mbili zikiwepo. Hata hivyo, Agizo la 40, kanuni ya 4, inamruhusu hakimu kusikiza upande mmoja tu iwapo ameridhika kwamba kungoja kutaharibu kile kinacholindwa, na ni lazima aandike sababu zake. Hakimu akikubali siku ya Alhamisi, mama anatoka na amri ya upande mmoja.

Hapo ndipo saa inaanza. Amri yenyewe, ombi na hati za kesi lazima zimfikie muuzaji ndani ya siku 3 tangu amri itolewe. Hati mojawapo isipofika, zuio linakoma lenyewe. Hakuna anayehitaji kwenda kuomba lifutwe. Hili ndilo kosa linaloua mazuio mengi zaidi, na huwa la kusikitisha kwa sababu mara nyingi mtu amemfikishia mwenzake amri pekee, akidhani hiyo ndiyo karatasi yenye nguvu, akaacha ombi na hati za kesi mezani kwa wakili.

Siku hizo 3 zinahesabiwa vipi? Siku ya amri yenyewe haihesabiwi. Tena, muda ukiwa chini ya siku 6, Jumapili na sikukuu za kitaifa huachwa nje ya hesabu. Kwa hiyo amri ya Alhamisi inahesabiwa Ijumaa, Jumamosi, kisha Jumatatu. Jumatatu ndiyo mwisho. Mama asingoje amri ichapwe vizuri na kupigwa muhuri wiki inayofuata. Aombe karani wa mahakama aishughulikie siku hiyo hiyo, na ahesabu tangu siku hakimu alipoitamka.

Anayefikisha hati ni afisa wa kupeleka hati aliyeidhinishwa na mahakama. Akishafikisha, anakula kiapo kwa maandishi akieleza alimkuta nani, wapi na saa ngapi. Kama ametumia simu, anaambatisha ripoti ya kuonyesha kwamba ujumbe uliingia. Ujumbe uliotumwa nje ya saa za kazi huhesabiwa kuwa umefika siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo aliyetuma Jumatatu saa mbili usiku, kwa mfano wetu wa juu, amechelewa.

Amri ya upande mmoja hutolewa mara moja tu, kwa muda usiozidi siku 14. Inaweza kurefushwa mara moja zaidi, kwa makubaliano ya pande zote au kwa amri ya mahakama, na huko pia ni siku zisizozidi 14. Mwenye kesi aangalie tarehe aliyopewa ya kurudi. Ikiwa amri ni ya siku 14 na tarehe ya kurudi imeandikwa ya mwezi ujao, kuna siku katikati ambazo hana kinga, na wakili anapaswa kuambiwa mapema arudi mahakamani kuomba tarehe ya karibu.

Ombi lenyewe linatakiwa kusikizwa ndani ya siku 60 tangu liwasilishwe, isipokuwa mahakama iwe na sababu nzuri ya kuongeza muda.

Kuna jambo la Disemba ambalo hata baadhi ya wazoefu hulisahau. Kwa shughuli nyingi za kesi za madai, siku kati ya tarehe 21 Disemba na 13 Januari hazihesabiwi. Maombi ya zuio la muda yameondolewa katika likizo hiyo. Aliyepata amri tarehe 19 Disemba asifunge safari ya mashambani akiamini kwamba saa imesimama.

Miezi kumi na miwili

Baada ya pande zote kusikizwa, mahakama inaweza kutoa zuio la kudumu hadi kesi iamuliwe. Hapa ndipo kanuni ya 6 inapoingia: kesi isipokamilika katika miezi 12 tangu zuio litolewe, zuio linakoma, isipokuwa mahakama iamuru vinginevyo kwa sababu ya kutosha.

Muda huo hauhesabiwi tangu kesi ifunguliwe. Unahesabiwa tangu siku zuio lilipotolewa. Wapo wanaosoma maneno "hadi kesi iamuliwe" katika amri yao na kuamini kwamba yanaishinda miezi 12. Mabishano ya aina hiyo yamefika mahakamani mara nyingi, na asiyetaka kuwa sehemu yake asitegemee maneno hayo. Njia salama ni kuhesabu mwezi wa kumi, kisha kurudi mahakamani kuomba muda uongezwe kabla haujaisha. Kurefusha kitu ambacho kimekwisha kukoma ni kazi ngumu zaidi kuliko kurefusha kilicho hai.

Sababu ya kutosha ni ipi? Jaji amehamishwa na faili haijapangiwa mwingine. Tarehe za kusikizwa zimeahirishwa na mahakama yenyewe. Upande wa pili ndio umekuwa ukichelewesha. Hizo husikizwa. Mwenye zuio ambaye hajachukua tarehe hata moja tangu apate amri yake hana la kusema, na kanuni iliwekwa kwa ajili yake. Isitoshe, kesi ambayo hakuna hatua iliyochukuliwa kwa mwaka mzima inaweza kutupwa nje, na kesi ikitupwa, zuio linakwenda nayo.

Mahakama hupima nini

Vipimo vinavyotumika hadi leo vilitoka katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, iliyoamuliwa mwaka 1973. Mwombaji aonyeshe kwanza kwamba ana kesi yenye msingi na uwezekano wa kushinda. Pili, aonyeshe kwamba bila zuio atapata hasara ambayo fidia ya pesa haiwezi kuiponya. Tatu, mahakama ikiwa bado na shaka, ipime ni upande gani utakaoumia zaidi. Mwaka 2014, katika kesi ya Nguruman Limited dhidi ya Jan Bonde Nielsen, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba vipimo hivi hupandwa kama ngazi. Aliyeshindwa na cha kwanza hafiki cha pili, hata hasara yake iwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo machozi ya mama yule hayatatosha. Hakimu atauliza: mkataba wa kununua uko wapi? Uliandikwa, ukatiwa sahihi na pande zote, na sahihi zikashuhudiwa? Kama ni shamba la kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi iliombwa? Risiti za malipo ziko wapi? Vitu hivyo huambatishwa kwenye hati ya kiapo siku ya kwanza. Kuvileta wiki tatu baadaye ni kumpa mwenzake nafasi ya kuuliza kwa nini vilifichwa.

Katika mizozo ya mirathi kuna kikwazo cha mapema zaidi. Mtoto au mjane anayetaka kuzuia ardhi ya marehemu isiuzwe anahitaji kwanza kuwa na mamlaka ya kisheria ya kuisemea mali hiyo, yaani barua za usimamizi wa mirathi, au angalau zile za muda zinazotolewa kwa ajili ya kufungua kesi tu. Kesi nyingi zenye haki ndani yake zimeanguka hapa, kabla hata hakimu hajasoma ukurasa wa pili.

Kwa wenye mikopo, mambo ni magumu kuliko wengi wanavyodhani. Kubishana kuhusu riba au kiasi cha deni, peke yake, kwa kawaida hakuzuii mnada. Ardhi iliyowekwa rehani imekwisha kupewa bei na mwenyewe, na ni vigumu kwake kusema baadaye kwamba pesa haziwezi kuifidia. Panapokuwa na nguvu ni kwenye notisi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya miezi 3 ya kulipa deni, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye atoe notisi yake ya siku 45. Kama moja haikutolewa, au kama nyumba ya ndoa iliwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke, hapo kuna msingi. Anayedaiwa atunze bahasha zote za posta na tarehe zake.

Zuio pia lina bei. Mahakama inaweza kumtaka mwombaji aweke dhamana, au aahidi kumfidia mwenzake iwapo itaonekana mwishoni kwamba zuio halikustahili. Na aliyesikizwa peke yake ana wajibu wa kusema yote, hata yasiyomfaa. Aliyeficha kwamba kuna kesi nyingine ya mzozo huo huo kwa hakimu mwingine hupokonywa amri bila mahakama kujali kama ana haki au hana.

Wakati mwingine hakimu hatoi zuio, bali huagiza hali ibaki kama ilivyo. Amri hii huleta fujo, kwa kuwa kila mmoja hurudi nyumbani na maana yake: huyu anasema ilivyo ni yeye akilima, yule anasema ilivyo ni shamba likiwa tupu. Kabla ya kutoka mahakamani, wakili aombe iandikwe waziwazi ni nani yuko wapi na nani hatakiwi kufanya nini.

Msajili wa ardhi hajui usichompelekea

Zuio linamfunga mtu. Halijiandiki lenyewe kwenye daftari la ardhi. Muuzaji aliyezuiwa anaweza kukaidi, akaenda kwa msajili, na mnunuzi wa pili akaandikishwa bila kujua chochote. Ndiyo maana katika mzozo wa ardhi inafaa kuomba, pamoja na zuio, amri ya mahakama chini ya kifungu cha 68 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ambayo humkataza msajili kuandikisha shughuli yoyote juu ya ardhi hiyo kwa muda uliotajwa. Nayo lazima ipelekwe na kuandikishwa.

Ambaye bado hajafika mahakamani anaweza kuweka tahadhari kwa msajili, ile ambayo wengi huiita kaveati, mradi aonyeshe ana maslahi gani katika ardhi hiyo. Haiwi badala ya kesi, lakini inaweza kuokoa siku za kwanza.

Likikiukwa

Anayekaidi zuio baada ya kulijua anaweza kunyang'anywa mali kwa muda, na kufungwa jela kwa kipindi kisichozidi miezi 6. Mali iliyokamatwa haikai hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Ukaidi ukiendelea, inaweza kuuzwa na aliyeumizwa kufidiwa. Zuio dhidi ya kampuni huwafunga pia maafisa wake, kwa hiyo meneja hawezi kusema kwamba jina lake halimo.

Ombi la kuadhibu ukaidi huletwa katika kesi ile ile. Linahitaji ushahidi wa mambo mawili: kwamba amri ilikuwa wazi, na kwamba mhusika aliijua. Picha zenye tarehe na mashahidi wa jirani husaidia kuliko kelele kwenye mpaka. Polisi huweza kuagizwa na mahakama kusaidia amri itekelezwe, lakini mkuu wa kituo atataka kuona kwamba amri ni hai. Hapo tena hesabu ya siku inarudi.

Aliyezuiwa naye ana haki. Anaweza kujibu kwa hati ya kiapo, na anaweza wakati wowote kuomba zuio libadilishwe au lifutwe. Anachokatazwa ni kujiamulia mwenyewe kwamba amri haina maana na kuendelea kujenga. Kama anaamini siku zimekwisha, njia ya busara ni kuiuliza mahakama kwanza, kwa sababu akikosea hesabu yake kwa siku moja, jela ni yake.

Pa kupeleka kesi na pa kuulizia

Mizozo ya ardhi husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na pia na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, kulingana na thamani ya mali. Hakimu mkuu huishia kwenye mali ya shilingi milioni 20. Hakimu mkazi huishia milioni 5. Anayefungua kesi katika mahakama isiyo na uwezo hupoteza zuio na wiki alizosumbukia. Wapangaji wa maduka na hoteli wanaolindwa na Sura ya 301 huanzia kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara.

Pale mlalamikiwa ni serikali, mambo huenda kwa njia tofauti. Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali, kifungu cha 16, huielekeza mahakama itamke haki za wahusika badala ya kutoa zuio. Kwa upande mwingine, anayelalamika kwamba haki zake za kikatiba zimevunjwa anaweza, chini ya kifungu cha 23 cha Katiba, kuomba zuio au amri ya kuhifadhi hali. Ni swali la kumuuliza wakili kabla ya kuandika ombi.

Asiyemudu wakili anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au kuomba mahakama imruhusu kufungua kesi kama mtu asiye na uwezo wa kulipa ada. Masijala ya mahakama haitoi ushauri wa kisheria, ila humwonyesha mwenye kesi tarehe zilizo kwenye faili lake. Anayekwenda kuulizia abebe nakala ya amri yenyewe, si ya ombi tu, kwa kuwa tarehe inayohesabiwa imeandikwa humo.